Hodi Tatu Kwenye Mlango Elfu Tano

Wanafunzi wangu husema mimi ni mkali, na hawasemi uongo. Mtu akiniletea programu ya mtandao aliyoiandika kwa lugha ya C, jambo la kwanza ninalotazama ni kama ameuliza connect imejibu nini. Connect ndiyo amri ambayo kompyuta moja huitumia kubisha kwenye mlango wa kompyuta nyingine. Mwanafunzi akiiita halafu akaendelea na safari yake bila kusubiri jibu, ninamrudishia karatasi yake pale pale, na maelezo sitaki. Wao hudhani ni ukali wa kazi. Sijawahi kuwaambia kwamba jibu la connect moja, mchana mmoja, lilinitenganisha na kaka yangu, na kwamba mpaka leo ninamtamani kaka yangu kila siku, hata siku ninazokuwa nimemkasirikia.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu, na baba alikuwa amekwisha kufa. Tuliishi Mulongwe, mtaa wa Uvira, jirani na mto ambao kila mvua ulikuja kututembelea bila kualikwa. Kaka alinizidi miaka minne. Alikuwa amesoma Bujumbura kabla barabara haijawa jambo la kuombewa kanisani, akarudi na kitabu cha C kwa Kifaransa, kurasa za nakala zisizo na jalada, zilizoshonwa kwa uzi wa nyavu. Alipata kazi ya kufunga kompyuta kwenye ofisi moja iliyogawa mbegu na majembe, karibu na ziwa. Juu ya bati la ofisi ile kulikuwa na sahani kubwa nyeupe ya setilaiti, na miaka ile ya vita sahani za namna hiyo mjini Uvira zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyo hiyo. Kazi nilitafutiwa na yeye, na kila nilipochelewa alinikumbusha.

Ofisi ilikuwa na jenereta iliyowashwa saa nane za mchana na kuzimwa saa kumi na moja, kwa ajili ya friji ya chanjo za mifugo. Mkubwa wetu aliondoka saa tisa u nusu kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Kwa hiyo tulibaki na saa moja u nusu ya umeme wa bure. Katika chumba cha nyuma kaka alikuwa ameunganisha kompyuta mbili kuukuu kwa waya, akaniweka mbele ya moja, yeye akakaa kwenye nyingine, tukapeana migongo.

"Soketi ni tundu tu," alianza, kwa Kiswahili chetu cha Uvira kinachosema njo kwa ndiyo, minye kwa mimi na kuya kwa kuja. "Haina namba, haina muntu. Njo unaipatia namba na bind. Kisha listen: unatia kiti ku mulango, unaikaa. Accept njo karibu yenyewe."

"Na kama hakuna muntu anakuya?"

"Unangoja. Accept haina haraka. Haiko sawa weye."

Kila kompyuta ina maelfu ya milango, alinieleza, na kila mlango una namba yake. Sisi tulichagua elfu tano kwa sababu ilikuwa rahisi kukumbuka. Mimi niliandika programu ya anayengoja, yeye akaandika ya anayebisha. Programu yangu ilipofika kwenye accept ilisimama kimya, kialama chake kikipepesa kwenye kioo, isiseme lolote mpaka mtu atokee. Mimi ambaye sijawahi kusubiri chungu kichemke nilijifunza kusubiri pale.

Programu yake ilikuwa na jambo lililonichekesha. Ilibisha mara tatu, ikapumzika kidogo kila baada ya hodi, na ikikosa jibu mara ya tatu ilijizima. Nilimwambia mashine haina aibu, aiache ibishe mara mia. Alikataa katakata. Mama alitulea hivyo: kwenye nyumba ya watu unapiga hodi mara tatu, usipojibiwa unageuka na kwenda zako, kwa sababu anayebisha mara ya nne ana neno lake. Kaka alisema, "Mashini inabisha, lakini jina ni yangu."

Tena alinitaka nijue tofauti ya kukataliwa na kunyamaziwa. Ukibisha kwa kompyuta iliyozimwa, hupati neno. Unakaa, unakaa, mwisho unachoka. Lakini ukibisha kwa kompyuta inayowaka ambayo kwenye mlango ule hakuna aliyekaa, inakujibu mara moja kwamba umekataliwa. Kukataliwa, kwa maneno yake, ni jibu la mwenye uhai. Kimya ndicho cha kuogopa. Nililishika somo hilo vizuri kuliko yote, na yeye pia alilishika.

Somo nililolikosa lilikuwa lingine. Kompyuta nyingi huweka namba kwa mpangilio wa kwao, kipande kidogo mbele na kikubwa nyuma, na mtandao una mpangilio wake, kikubwa mbele. Kwa hiyo namba inayotoka nyumbani sharti igeuzwe kwanza, na kuna amri ya kazi hiyo, htons. Siku moja niliisahau. Nilikaa mlangoni nikingoja, na kaka nyuma yangu akibisha kwenye elfu tano na kukataliwa, akabisha tena, akakataliwa tena. Tulitafuta kosa mpaka jasho likatutoka. Ndipo akaona kwamba programu yangu ilikuwa imekaa, kwa heshima zote, kwenye mlango wa thelathini na nne elfu mia nane thelathini na tano. Ndiyo elfu tano hiyo hiyo, isipokuwa haikugeuzwa. Alicheka akashika meza. Mimi niliondoka bila kuaga, nikatembea peke yangu mpaka Mulongwe, na jioni ile sikumpakulia mboga.

Tangu hapo neno likawa la nyumbani. Mama akinituma sokoni kununua muhogo, kaka alinifuata kwa sauti mpaka njiani: "Uligeuza?" Nikivaa kitenge upande usio wake, "Uligeuza?" Hata mama, ambaye kompyuta aliiona mara moja tu kupitia dirishani, alinisema akikuta ugali umeshika chini: "Huyu hakugeuza." Wakati ule nilikereka. Sasa ningelipa chochote nisikie mmoja wao akiniuliza hivyo kutoka jikoni.

Halafu zamu yetu ya kuguswa na vita ikafika. Kaka alikuwa ametumwa Sange kutengeneza kompyuta ya ghala la mbegu za mpunga. Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi cha barabarani, askari walimfungua mfuko wakakuta nyaya, kiboksi cha plastiki chenye taa ndogo ndogo, na karatasi zilizojaa alama wasizozijua. Ofisa wao akasema hizo ni siri za wapiganaji wa milimani na huyu ndiye anayewaunganishia mawasiliano. Dereva wa basi dogo aliyemfahamu ofisa huyo aliomba mpaka kaka akaachiliwa, lakini karatasi zilibaki na jina likaandikwa. Siku mbili baadaye walikuja nyumbani kumuulizia. Mama aliwaambia hayupo, na bahati njema hakuwepo kweli.

Kesho yake kulipopambazuka nilimsindikiza ufukweni, mahali wavuvi walikuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mtumbwi wa injini ulikuwa unaondoka kuelekea Kigoma. Alikuwa na kifuko kimoja na disketi mbili ndani ya mfuko wa shati, na nyuma ya lebo ya mojawapo alikuwa ameandika namba nne zenye nukta katikati, anwani ya kompyuta yetu ya chumba cha nyuma, aliyokwisha kuiunganisha na sahani ya juu ya bati. Alizungumza haraka, mkono wake begani kwangu.

"Barua banazisoma ku bandari," alisema. "Tena muntu banaweza kumulazimisha aandike. Lakini ile mulango tunaijua sisi wawili tu. Kama njia iko muzuri, uniandikie siku na saa, basi. Usiandike sababu. Minye nitabisha. Ukinifungulia, nakuya. Nikikatalwa, nitajua uko muzima lakini njia ni mubaya, nabaki. Hata kama roho inanivuta."

"Na mama?"

"Umuambie naenda kutafuta kazi."

Mama hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amemfungia mihogo ya kuchemsha kabla hatujaamka.

Miezi ilipita. Mama mmoja wa Makobola aliyefanya biashara ya ndagala mpaka Kigoma alituletea habari: kijana yuko hai, anatengeneza mashine kwenye duka moja la intaneti, amekonda lakini anacheka. Nilimuuliza mambo mengi na yote akanijibu. Aliniambia hata kwamba kule saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja, ndiyo maana hukuta samaki wamekwisha nunuliwa. Tulicheka wote. Watu wote wa ziwa wanalijua jambo hilo. Jua ni moja, maji ni yale yale, lakini ukishuka upande wa Tanzania unasogeza mshale.

Msimu wa mvua uliofuata, miguu ya mama ilianza kuvimba. Muuguzi alisema ni moyo. Alikuwa akikaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, na kila aliyebisha, mama alimtazama kwanza miguuni, kwa sababu kaka alikuwa na mwendo wake wa kuburuta kandambili. Hakulia wala hakulalamika. Aliniambia siku moja tu, nikimkanda: "Nataka kumuona mara moja. Kisha Mungu afanye kazi yake." Juma lile lile tukasikia kwamba yule ofisa wa kizuizini amehamishwa, na wenzake wamekwenda naye. Njia ilikuwa nzuri. Nani alijua itakuwa nzuri kwa muda gani?

Nikaandika. Barua yangu haikuwa na zaidi ya mistari mitatu: mama anakusalimu, sisi wazima, Alhamisi ya kwanza baada ya Pasaka saa kumi za mchana tutakuwa tunakuombea. Niliisoma mara nyingi nione kama kuna neno la kumletea mtu hatari. Sikuliona. Mama wa Makobola aliikunja akaitia katikati ya magunia yake matupu.

Alhamisi ile ninaikumbuka kama ninavyokumbuka mkono wangu. Saa nane jenereta ikanguruma. Mkubwa alikuwa chumba cha mbele, anataka orodha ya vipando vya muhogo vya Sange ikamilike. Saa tisa kasorobo nilijipenyeza chumba cha nyuma kujaribu programu. Nikaiwasha, nikabisha mwenyewe kutoka kompyuta ya pili, na neno nililoliandika likatokea bila kasoro: Karibu, kuya. Nikafurahi. Nikaifunga haraka kabla mkubwa hajaniita, maana hakupenda tuingie mle yeye akiwepo, na nikarudi kupiga chapa. Kompyuta niliiacha ikiwaka.

Saa tisa u nusu mkubwa akaondoka. Saa kumi kasoro dakika kumi nilikuwa nimekaa mlangoni. Niliiuliza mashine mara tatu niko mlango gani, ikanijibu elfu tano, sikuwa nimesahau kugeuza. Accept ikakaa. Nilifuta mikono kwenye kitenge, kama ningemshika mkono kupitia kioo.

Saa kumi ilifika. Nikasema moyoni labda duka lina wateja. Saa kumi na robo nikasema labda laini yao ni ya polepole. Saa kumi u nusu nikaanza kuzungumza na kialama kile kinachopepesa, nikakibembeleza, baadaye nikakitukana. Nilisikia watu wakipita barabarani na muhogo, mtoto analia, redio ya jirani. Saa kumi na moja mlinzi akazima jenereta bila kuuliza, na kioo kikabaki na nukta moja nyeupe katikati, nayo ikaisha.

Nyumbani mama alikuwa amekaa akitazama mlango.

"Alipiga hodi?" aliniuliza.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema bado. Nilimwona miguu, nikamwona macho. "Alipiga, mama," nikasema. "Nikamukaribisha. Iko njiani."

Jioni ile mama alisimama bila kushikwa. Aliomba maji ya kuoga, akavaa kitenge cha sikukuu, na alipopakua akatenga sahani ya kaka: ugali, ndagala, sombe kidogo ya majani ya muhogo, akaifunika kwa sahani nyingine. Asubuhi nilimkuta akiitazama. Akasema mtumbwi umechelewa, ziwa lina mambo yake. Nikaichukua sahani ile nikaila mimi, nimesimama nyuma ya nyumba, kwa sababu chakula hakitupwi na kwa sababu sikutaka aione imejaa. Alitenga nyingine jioni, nami nikaila asubuhi. Wiki baada ya wiki nilikula chakula cha kaka yangu, kimepoa, na kila tonge nilimkasirikia zaidi. Niliona ametusahau. Niliona amepata Kigoma yake na maisha yake, na sisi tumekuwa watu wa kuandika barua zisizojibiwa.

Na bado kila siku ya kazi, saa kumi, nilifungua mlango.

Mama alitutoka mwanzoni mwa kiangazi. Siku ya mwisho akili yake ilikuwa safi. Alinishika kidole gumba, kama tulivyokuwa tukishikana kuvuka mto nilipokuwa mdogo, akaniambia: "Akifika, usimugombeze. Weye unagombeza haraka." Nikamuahidi. Yule mama wa Makobola alikuja kilioni na barua yangu nyingine niliyokuwa nimempa, haijafunguliwa. Kaka hakuwepo tena Kigoma. Mwenye duka alisema aliondoka na watu waliokuwa wakielekea Zambia, zamani kidogo, na hakuacha neno.

Nilizika machungu mawili kwa wakati mmoja, na la pili lilinifaa zaidi, maana hasira inakuamsha asubuhi na huzuni inakulaza. Nilimkasirikia kaka miaka tisa. Kwa hasira hiyo nilimaliza kitabu chake cha nakala, ukurasa kwa ukurasa, kisha nikaenda kusoma Bukavu vita vilipopoa, nikarudi Uvira kufundisha. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu sikujua hata kama nimemzaa.

Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika kila mahali siku ile ilipoita namba ndefu ya ng'ambo. Nilikuwa naosha vyombo. Nikaishika kwa mkono wenye sabuni.

"Ni minye," sauti ikasema.

Niliijua kabla haijamaliza. Nikaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Akaeleza kwa haraka, kama siku ile ufukweni: namba yangu aliipata kwa mtu wa Uvira aliyekutana naye huko kusini kabisa, Afrika Kusini, ana mke, ana watoto wawili. Kisha akauliza:

"Mama iko?"

"Mama alitutoka, yaya," nilisema, nikimwita tunavyowaita kaka wakubwa. "Sasa ni miaka kenda."

Nilimsikia anapumua. Nami, badala ya kumwacha alie, nilifungua mdomo na yote niliyoyaweka yakatoka. Nilimwambia mama alikufa akitazama mlango. Nilimwambia kuhusu sahani. Nikamuuliza kwa nini hakubisha, kitu kidogo kile, kuandika jina la programu na kubonyeza.

"Nilibisha," alisema.

"Siku gani?"

"Ile Alhamisi uliandika. Saa kumi kamili. Minye na disketi yangu. Nilibisha mara tatu, na mara tatu ilinikatala pale pale. Nikajua uko muzima, nikajua mashini inawaka, nikajua njia ni mubaya. Nikafanya vile tulipatana."

"Haiwezekani. Saa kumi nilikuwa nimeikaa pale. Nilikuwa pale mpaka jenereta ilikufa."

Sabuni ilinikauka mkononi. Sijui nani alifika kwanza kwenye kosa. Nadhani tulifika pamoja.

"Saa kumi ya wapi?" aliuliza polepole.

Saa kumi yake ya Kigoma ilikuwa saa tisa yetu. Saa tisa nilikuwa chumba cha mbele nikiandika vipando vya muhogo. Robo saa kabla yake mlango ulikuwa wazi, mimi mwenyewe niliufungua na mimi mwenyewe niliufunga, tena kwa furaha.

"Lakini weye ulijua saa ya Kigoma iko mbele," nilisema. Nilikuwa bado natafuta wa kulaumu. "Uliikaa kule miezi."

"Nilijua," alisema. "Nilizani uligeuza. Minye njo nilikufundisha kugeuza."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningepata pa kushika. Alisema kama mwalimu aliyemwamini mwanafunzi wake kuliko saa ya ukutani, na hapo ndipo nililia, mimi ambaye kwenye mazishi watu walinisema macho makavu. Namba ya mlango niliigeuza. Niliihakiki mara tatu. Saa ndiyo niliyoiandika kama ilivyo, saa kumi ya Mulongwe, nikaipandisha mtumbwi na kuivusha ziwa bila kuigeuza. Na yeye, laiti angekuwa mtoto wa mama mwingine, asiye na adabu, angebisha mara ya nne, na ya tano, na ya mia. Angebisha saa nzima. Saa nzima tu, na angenikuta.

Tulipotulia nilimwambia neno la mwisho la mama, kwamba nisimgombeze. Akacheka huku akilia. "Na ulishanigombeza," akasema. Ni kweli, lilikuwa jambo la kwanza nililolifanya.

Nimelifikiria lile jibu nililompa mama jioni ile mara nyingi kuliko ninavyofikiria sala zangu. Miaka tisa niliamini nilimdanganya kwamba mwanawe alipiga hodi. Kumbe alipiga. Mama alikuwa sahihi kutenga sahani. Uongo wangu ulianzia kwenye sentensi ya pili, pale niliposema nilimkaribisha.

Hajarudi. Mwanzoni ilikuwa karatasi zake za ukimbizi, asingeweza kutoka na kuingia tena. Halafu watoto na shule. Halafu vita vikaanza upya huku kwetu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia asije, kwa maneno yaliyo wazi, kwa simu, bila mlango wala namba. Alinisikiliza. Tangu utoto alikuwa mtu wa kusikia neno moja. Ninatamani angekuwa mbishi.

Juzi juzi nilimuuliza kule saa ngapi. Akaangalia, nami nikaangalia, tukakuta saa zetu ni sawa, dakika kwa dakika. Alipokuwa ng'ambo ya ziwa, mahali ambapo mtumbwi unafika, tulipishana. Sasa kuna nchi nzima nzima kati yetu na hakuna cha kugeuza. Hunipigia kila Jumapili saa kumi, na hajawahi kuchelewa. Mimi hukaa na simu mapajani kuanzia saa tisa.